Seli Hukua kwa Ruhusa: Maziwa, Ukame na Mwili wa Mtoto

Mhadhara kwa wakazi wa Tarbaj, Kaunti ya Wajir





Nimeombwa nieleze kazi ya wanabiokemia wanaochunguza jinsi seli inavyokua. Nitaanza na swali ambalo wauguzi wa huku huulizwa mara kwa mara na mama aliyempakata mwanawe: mbona huyu anakula na hakui? Asubuhi amekula anjera, mchana wali, jioni amekunywa chai yenye sukari tele. Tumbo limejaa. Akiwekwa kwenye mizani, kilo ni zile zile za mwezi uliopita.

Mama huyo hasemi uongo, na wala si mzembe. Mtoto amekula kweli. Lakini seli za mwili haziongozwi na kushiba kwa tumbo. Seli hukua inapopewa ruhusa, na ruhusa hiyo ina masharti. Sharti mojawapo kubwa limo katika maziwa, nyama, mayai, samaki, na katika kunde zikichanganywa vizuri na nafaka. Nimekuja kueleza tulivyolijua sharti hilo, na kwa nini naamini kwamba watu wa Tarbaj wana haki ya kulijua kuliko watu wengi wengine.

Turudi mwaka 1964. Mwaka huo mambo mawili yalitendeka katika pembe mbili za dunia, na waliohusika hawakujuana.

La kwanza lilitendeka Kampala. Katika Hospitali ya Mulago palikuwa na kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto kilichoendeshwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wodi zake zilijaa watoto waliokuwa wameachishwa ziwa na kulishwa ndizi za matoke na mihogo. Miguu ilivimba, nywele zilipauka na kunyonyoka, ngozi ilibambuka, na mtoto alikuwa mnyonge asiyetaka hata kutazamwa. Ndio ugonjwa wa kwashakoo, ambao daktari Cicely Williams alikuwa ameuandika kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, katika miaka ya 1930. Kazini pale Mulago alikuwako mwanabiokemia kijana, Roger Whitehead. Yeye hakutosheka na kupima uzani na kutazama uvimbe. Alitaka kujua damu inasema nini kabla mwili haujavimba.

Alitumia njia ambayo mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne anaweza kuielewa. Mtoto alichomwa kidole kidogo, likatoka tone la damu. Majimaji ya damu hiyo yaliwekwa kwenye karatasi maalumu, na karatasi ikalowanishwa upande mmoja kwa dawa ya maji maji. Dawa ilipopanda kwenye karatasi ilivuta asidi amino zilizomo, kila moja kwa mwendo wake, zikatengana. Karatasi ilipotiwa rangi, zilionekana kama madoa, na rangi ya doa ilionyesha wingi wa asidi hiyo.

Nieleze kidogo. Protini yote mnayokula, iwe ya ngamia au ya maharagwe, imeundwa kwa asidi amino za aina 20. Mwili wa mtu unaweza kujitengenezea baadhi. Lakini 9 hauwezi kabisa. Zisipotoka kwenye chakula, hazipo. Miongoni mwa hizo 9 ni leusini, na nawaomba mlishike jina hilo.

Whitehead aligundua kwamba katika damu ya watoto wa kwashakoo zile asidi ambazo mwili hujitengenezea zilikuwa bado zipo kwa wingi, ilhali zile za lazima, leusini ikiwa mojawapo, zilikuwa zimeporomoka. Akalinganisha makundi hayo mawili, akapata kipimo. Jambo lililomshtua, na linalonigusa mimi hadi leo, ni kwamba kipimo kilianza kuharibika hata kwa watoto ambao daktari aliwaona wazima. Damu ilikuwa imekwisha kutoa habari, wala hapakuwa na uvimbe wowote. Kwa watoto waliokondeana tu bila kuvimba, kipimo hakikubadilika kwa namna ile, na hilo pia lilikuwa funzo: njaa si moja.

Kitu ambacho Whitehead hakuweza kukijua ni hiki: leusini ikipungua katika damu, seli inajuaje? Nani ndani ya seli anahesabu?

Jambo la pili la mwaka 1964 ndilo lililoleta jibu, ingawa lilichukua nusu karne. Madaktari wa Kanada wakiongozwa na Stanley Skoryna walisafiri kwa meli hadi Rapa Nui, kisiwa kidogo cha Chile kilicho peke yake katikati ya Bahari ya Pasifiki. Miongoni mwao alikuwamo Georges Nógrády, mtaalamu wa bakteria, aliyeshangaa kuwa wenyeji hutembea miguu mitupu penye farasi wengi na hawapati pepopunda. Akakusanya udongo kutoka sehemu mbalimbali za kisiwa. Udongo huo ulifika kwenye maabara ya kampuni ya dawa ya Ayerst, Montreal, na humo mwanabiokemia Suren Sehgal, mzaliwa wa Bara Hindi, alitoa kwenye bakteria mmoja wa udongo ule kitu kinachozuia kuvu kukua. Akakiita rapamisini, kwa jina la kisiwa. Kampuni ilipofunga maabara ya Montreal mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ile iliachwa. Sehgal hakukubali ipotee. Alichukua kiasi cha bakteria wake akakihifadhi kwenye friji ya nyumbani kwake hadi alipopata wakubwa wapya waliokubali kumsikiliza. Mwaka 1999 rapamisini ilipata kibali Marekani kuwa dawa ya kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa.

Namheshimu sana mtu huyo. Wangapi kati yetu wangeitunza kazi ambayo mwajiri ameshaitupa?

Basi wanasayansi wakauliza: rapamisini inazuia nini hasa? Mwaka 1991, huko Basel, Uswisi, Michael Hall na wenzake Joseph Heitman na Rao Movva waliichunguza kwa kutumia hamira, hamira hii hii ya kuumulia unga. Walitafuta seli za hamira ambazo dawa haiziwezi, wakazichungulia jeni zake, wakaipata protini ambayo dawa huilenga. Wakaiita TOR. Mwaka 1994 maabara kadhaa ziliikuta protini hiyo hiyo katika seli za wanyama na za binadamu, mojawapo ikiwa ile ya Solomon Snyder mjini Baltimore, ambako mwanafunzi wake David Sabatini ndiye aliyeifanya kazi hiyo. Siku hizi huitwa mTOR. Iko kwenye hamira, iko kwenye ngamia, iko kwenu na kwangu. Mwenyezi Mungu ameiweka kila mahali penye seli inayopaswa kuamua kama ikue au isubiri.

Hapa nawaomba mnisikilize taratibu, maana ndio moyo wa mazungumzo yetu.

Nyinyi mnavijua visima kuliko mimi. Penye kisima kirefu, mifugo hainyweshwi kwa sababu tu ina kiu. Msimamizi wa kisima hutazama mambo mawili: maji yamepanda kiasi gani huko chini, na je, wapo vijana wa kutosha wa kuteka? Likikosekana moja, zamu haifunguliwi, hata kundi lilie namna gani. mTOR ndiye msimamizi huyo. Habari ya kwanza huletwa na homoni, hasa insulini na nyingine inayofanana nayo inayotolewa na ini. Hizo husema kwamba mwili mzima umepata chakula. Habari ya pili ni ya ndani ya seli yenyewe: je, asidi amino za lazima zipo? Sukari ya chai huamsha insulini. Haileti leusini hata chembe. Kwa hiyo mtoto wa chai na anjera anafikisha habari ya kwanza, ya pili inakuja nusu au haiji, na ruhusa haitoki.

Habari hiyo ya pili hupokewa wapi? Kuanzia mwaka 2008 maabara ya Sabatini, na ya Kun-Liang Guan huko California, zilionyesha kwamba asidi amino zikiwapo, protini ndogo ziitwazo Rag huivuta mTOR. Miaka miwili baadaye ikajulikana inavutwa hadi wapi: hadi juu ya lisosomu. Lisosomu ni kifuko kilicho ndani ya seli ambamo vitu vichakavu humeng'enywa. Zamani tulifundishwa kwamba hicho ni kijalala tu. Kumbe ndipo hesabu ya riziki inapofanyiwa. Na mwaka 2016 ikaonyeshwa jinsi protini nyingine, Sestrini ya 2, inavyoitambua leusini: ina kijitundu ambamo leusini huingia ikakaa sawasawa. Leusini ikiwamo, Sestrini humwachia msimamizi afanye kazi. Kijitundu kikiwa kitupu, humzuia. Arijinini nayo ina protini yake ya kuitambua, na methionini vilevile ina njia yake.

Ruhusa ikitoka, seli hujenga vyombo vya kutengenezea protini, hutengeneza mafuta ya utando wake, huongezeka ukubwa, kisha hugawanyika. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna ukanda wa gegedu ambao seli zake hupangana safu juu ya safu, huvimba, na kuurefusha mfupa. Seli hizo nazo humtii msimamizi huyo huyo. Panya wachanga waliopewa rapamisini mifupa yao haikurefuka kama ya wenzao. Dawa ile iliwanyima ruhusa, ingawa walikula.

Ruhusa isipotoka, seli haikai bure. Huanza kujimeng'enya sehemu zake zilizochakaa ili ipate vijenzi vya kuishi navyo. Mjapani Yoshinori Ohsumi aliliona jambo hilo kwa darubini katika hamira aliyoinyima chakula, na mwaka 2016 akapewa Tuzo ya Nobel. Najua mtaniuliza kuhusu saumu, basi niseme mapema: mtu mzima mwenye afya akifunga, msimamizi hutulia kwa saa kadhaa, kazi ya usafi huendelea, na adhana ya magharibi ikisikika mtu hufuturu na mambo hurudi. Mtoto mwenye njaa ya miezi hana magharibi. Anajimeng'enya misuli, na misuli ikiisha hana pengine pa kukopa.

Sasa, je, haya ya maabara yana ushahidi wowote kwa watoto wa kwetu? Yanao, na mwingine uko hapa hapa Kenya.

Mwaka 1998 Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California walianza utafiti katika shule 12 za Embu. Watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza walifuatiliwa. Shule ziligawanywa: baadhi zilipikiwa githeri yenye nyama ya kusaga, nyingine zilipewa githeri na kikombe cha maziwa, nyingine githeri iliyotiwa mafuta ili nguvu ya chakula ilingane na ya wale wa nyama na maziwa, na za mwisho hazikupewa chochote shuleni. Angalieni uzuri wa mpango huo. Kama kinachohitajika ni kushiba tu, githeri ya mafuta ingefanya kazi sawa na ile ya nyama. Haikufanya. Watoto wa nyama waliongeza misuli ya mkono zaidi, wakafanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kufikiri, na hata uwanjani walicheza kwa uchangamfu zaidi. Na wale waliokuwa wafupi tangu mwanzo walirefuka vizuri zaidi walipopewa maziwa. Sufuria za githeri ya Embu zilisema jambo lile lile lililosemwa na hamira ya Basel, na wala wapishi hawakuwa na habari ya mTOR.

Kisha Malawi. Mwaka 2016 Richard Semba na wenzake walichapisha uchunguzi wa damu ya watoto 313 wa vijijini, wenye umri wa mwaka 1 hadi chini ya miaka 5. Watoto 6 kati ya kila 10 walikuwa wamedumaa. Waliodumaa walikuwa na upungufu wa asidi amino zote 9 za lazima, zote bila kuacha hata moja, wakilinganishwa na wenzao wa vijiji hivyo hivyo. Watafiti hao wakaitaja mTOR kwa jina: huenda watoto hawa hawarefuki kwa sababu msimamizi hapati habari. Hapo ndipo tone la damu la Mulago na udongo wa Rapa Nui vilipokutana, miaka 52 baadaye.

Ningekuwa nawadanganya nikisema jambo limekwisha. Katika milima ya Ecuador watoto wachanga walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, wakarefuka kwa kiasi kilichowashangaza wengi. Watafiti wengine wakarudia jambo hilo hilo Mangochi, Malawi. Mayai yalikuwa yale yale, miezi ile ile, na urefu haukubadilika. Mangochi iko kando ya ziwa, na watoto wengi walikuwa tayari wanakula samaki. Asiyepungukiwa hawezi kujazwa. Isitoshe, mtoto mwenye kuharisha kusikoisha, au mwenye homa juu ya homa, utumbo wake haufyonzi vizuri na mwili wake unatumia protini kupigana na vijidudu. Unaweza kumlisha nyama na msimamizi asisikie. Maji safi na chanjo ni sehemu ya habari hii ya ukuaji, ingawa leo sitaiingia kwa kina.

Kosa la wataalamu, kwa maoni yangu, limekuwa kuyumba. Miaka ya 1960 dunia nzima ilihubiri protini. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika kwenye jarida la Lancet akishutumu vikali imani hiyo, kwamba watoto wengi hawana chakula cha kutosha cha aina yoyote na protini imekuzwa kupita kiasi. Alikuwa na hoja. Lakini kilichofuata ni miongo ya kuhesabu kilokalori, kana kwamba gunia la unga na gunia la maziwa ya unga ni kitu kimoja. Vipimo vya Whitehead vikawekwa kabatini. Watoto wa Afrika wamelipia kuyumba huko, na nalisema hili kwa uchungu.

Njooni sasa Tarbaj.

Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kilifi, penye mahindi na muhogo na mvua kuliko huku, ni asilimia 37. Hapa Wajir kudumaa ni kuchache kuliko wastani wa taifa. Wageni hushangaa. Kaunti kame, maskini kwa vipimo vya serikali, watoto wake ni warefu! Sehemu ya jibu ni maumbile: watu wa huku ni warefu wa miguu na wembamba wa mwili. Lakini siamini kuwa ndilo jibu lote. Mtoto wa hapa akikaa na mifugo yenye maziwa anapata, tangu anapoanza kula, kile ambacho mtoto wa Kilifi anakipata kwa nadra. Nusu lita ya maziwa ya ngamia ina takriban gramu 15 za protini. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji kama gramu 13 kwa siku. Na protini ya maziwa ina leusini nyingi pamoja na laisini, asidi nyingine ya lazima ambayo unga wa ngano au wa mahindi umepungukiwa nayo. Mabibi zetu hawakuhitaji maabara kujua kwamba kikombe cha susaa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, kinamjenga mtoto.

Nitie neno kwa akina mama: mtoto chini ya miezi sita ni wa ziwa la mama peke yake. Na maziwa ya mifugo, chemsheni. Ugonjwa wa brusela upo katika mifugo yetu, na homa yake ya kurudi-rudi pamoja na maumivu ya viungo wengi hapa wanaijua.

Basi tatizo la hapa ni jingine. Mtoto wa Tarbaj haporomoki kidogo kidogo, huporomoka kwa msimu. Mvua za Deyr, yaani mvua fupi, za 2020 zilikosekana, zikafuata Gu, mvua ndefu, ya 2021, Deyr yake, Gu ya 2022 na Deyr ya 2022. Misimu mitano mfululizo. Tarehe 8 Septemba 2021 rais wa wakati huo alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Sihitaji kuwasimulia mizoga iliyolala kando ya barabara ya kwenda Mandera, mliiona. Ninachotaka kuwaonyesha ni kilichotokea ndani ya seli. Maziwa yalipokauka, chakula cha msaada na pesa za mpango wa Hunger Safety Net vilileta unga, mchele, mafuta na sukari. Vilikomboa maisha, na ninawashukuru waliovileta. Lakini kwa lugha ya seli, habari ya kwanza iliendelea kufika na ya pili ikakatika.

Wahudumu wa afya ya jamii mnaujua ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono. Mtoto huvuliwa nguo ya mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko hutafutwa, utepe huzungushwa bila kubana. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 uko kwenye nyekundu. Msiudharau kwa kuwa ni kipande cha plastiki. Mwaka 2005 James Berkley na wenzake walionyesha, kwa watoto zaidi ya 8,000 waliolazwa Hospitali ya Kilifi, kwamba mzingo wa mkono unabashiri kifo kwa usahihi usiopungua ule wa uzani ukilinganishwa na urefu. Na kwa watoto wetu wa miguu mirefu utepe una faida zaidi, kwa sababu hesabu ya uzani kwa urefu huweza kupotoshwa na umbo la mwili. Mkono ni ghala la misuli. Utepe unaposoma nyekundu, unapima mahali ambapo mtoto amejila mwenyewe.

Mtoto huyo akifika hospitalini na hali mbaya, jamaa hukasirika wanapoona anapewa maziwa mepesi kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Nimewasikia: mtoto anakufa njaa na nyinyi mnampimia kwa kikombe! Nawaombeni mvumilie. Maziwa hayo ya kwanza yana chini ya gramu 1 ya protini katika mililita 100, na yamefanywa hivyo kwa makusudi. Mwili uliozima njia zake za ukuaji ukijazwa ghafla, insulini hupanda kwa kasi, na chumvi muhimu kama fosforasi na potasiamu hukimbilia ndani ya seli zikaisha kwenye damu, na moyo huweza kusimama. Baada ya siku chache hamu ya kula ikirudi, huja maziwa mazito yenye protini mara tatu zaidi, au ile pakiti ya gramu 92 ya Plumpy'Nut, iliyobuniwa mwaka 1996 na Wafaransa André Briend na Michel Lescanne. Watu huiita karanga. Ndani yake mna karanga, mafuta na sukari, lakini mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2007 ulitaka angalau nusu ya protini yake itoke kwenye maziwa. Nawaomba msiigawe kwa ndugu zake. Hiyo ni dawa ya mmoja.

Halafu mtoto anapona, anaruhusiwa, anarudi nyumbani. Nyumbani kuna nini? Wahudumu mnaniambia wapo wanaorudi wodini kabla ya miezi mitatu, na sishangai. Tumempa ruhusa ya kukua kwa pakiti, tukamrudisha kwenye chai ya rangi.

Kwa hiyo nawageukia wazee. Jilaal, kiangazi kikali, inapokaza, ngamia na ng'ombe huondoka na vijana kwenda mbali, na hilo haliepukiki. Lakini ni wangapi wa kukamuliwa wanaobaki na watoto? Katika eneo la Wasomali wa Ethiopia, huko Liben na Shinile, shirika la Save the Children na Chuo Kikuu cha Tufts walijaribu jambo rahisi: badala ya kungoja kuwalisha watoto waliokwisha kukonda, waliwapa malisho mifugo michache ya maziwa iliyobakizwa karibu na nyumbani wakati wa kiangazi. Maziwa yaliendelea, watoto wakayanywa, uzani wao haukuanguka kama wa wengine. Laisamis, Marsabit, watafiti wa Kenya wamefuata njia hiyo na kuona watoto wa nyumba zilizopewa malisho wakinywa maziwa zaidi. Na Wajir ilikuwa miongoni mwa kaunti mbili za kwanza, 2015, kuingizwa kwenye bima ya serikali ya mifugo iliyotumia setilaiti kupima ukijani wa malisho ili pesa zitoke kabla mnyama hajafa. Mambo haya matatu, yaani mifugo ya maziwa kubaki nyumbani, malisho na bima, yanaweza kuunganishwa katika wadi zetu nne. Mbuzi wawili au watatu wenye maziwa kwa kila nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, na marobota ya nyasi yaliyonunuliwa mapema, bei ikiwa bado chini. Hesabu ya gharama yake tuifanye pamoja na ofisi ya mifugo ya kaunti, na tuiweke kando ya gharama ya kumlaza mtoto mmoja wodini.

Nina ombi pia kwa niaba ya sayansi. Hakuna sababu ya damu ya watoto wa wafugaji kutopimwa msimu kwa msimu, Gu hadi Jilaal, ili tujue asidi amino zinaanza kushuka wiki ngapi kabla ya utepe kusoma njano. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linaweza kusafirishwa kwa basi hadi Nairobi bila barafu. Vijana mlio kule nyuma mnaosoma kemia na bayolojia, kazi hiyo ni yenu. Mnajua lugha ya mama zenu, mnajua ngamia yupi anakamuliwa na yupi amekauka, na mtafiti wa mbali itamchukua miaka kujifunza hayo.

Nimemaliza upande wangu. Kabla ya swala ya alasiri tuna muda wa maswali, na ningependa akina mama waanze.